Umekatwa tumbo Dar, unatapika Makambako

Tangu Hospitali ya Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, ianze kuweka puto la kupunguza uzito mwaka 2022, na baadaye kufanya upasuaji wenyewe wa kupunguza tumbo la chakula, maswali ya wasomaji yamegeuka. Zamani waliuliza namna ya kukonda. Sasa wanauliza kwa nini dada yao aliyekwishakonda hawezi kusimama. Mengi ya karibuni yametoka Njombe mjini na Makambako, na sidhani ni kwa bahati. Mtu wa Kibaha akizidiwa anarudi kwa daktari wake kwa daladala. Wa Makambako yuko zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam, na wa Njombe aongeze nyingine 60 hivi. Waliokwenda kukatwa India ndio mbali kabisa. Hivyo anayepokea tatizo ni tabibu wa kituo cha afya ambaye huenda hajawahi kumwona mtu aliyekatwa tumbo, au, vibaya zaidi, jirani mwenye unga wa majani ndani ya chupa ya maji.

Nianze na puto, maana ndilo linalozushiwa mengi. Puto si upasuaji. Ni mfuko wa silikoni unaoingizwa kwa njia ya mdomo na kujazwa maji ya chumvi, mara nyingi kati ya mililita 400 na 700, na ukishatimiza miezi 6 au 12 kutegemea aina yake, unatolewa kwa njia ile ile. Halipaswi kusahauliwa humo kwa sababu "halijanisumbua". Mara nyingi maji hayo hutiwa rangi ya bluu kwa makusudi: puto likivuja, rangi inaingia kwenye damu, figo zinaitoa, na mkojo unageuka bluu au kijani. Nimeulizwa kama mkojo wa bluu ni dalili ya kurogwa. Ni dalili kwamba puto limetoboka na siku hiyo hiyo uende hospitali, kabla halijasinyaa, likateremka na kuziba utumbo. Mganga hana la kufanya hapo.

Upasuaji wenyewe ni wa aina mbili kuu. Kwenye slivu, karibu robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi hukatwa na kutupwa, kinabaki kijibomba. Kwenye baipasi, kinatengenezwa kifuko kidogo sana juu na kuungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikipita pembeni ya sehemu kubwa ya tumbo. Ukitaka kumsaidia ndugu yako, jua kwanza alifanyiwa ipi. Nashangaa ni familia ngapi hazijui.

Sasa kutapika. Kutapika mara moja moja kwa sababu umekula haraka, au umelazimisha tonge la ugali lisilotafunwa, kunatarajiwa. Siku chache za kwanza za puto pia ni za kichefuchefu. Lakini kutapika kila siku kwa wiki mbili si sehemu ya kukonda, hata kama mizani inakufurahisha. Mwili hauna ghala kubwa la thiamini, yaani vitamini B1. Akiba yote ni kama miligramu 30, na usipoingiza nyingine inakwisha ndani ya wiki mbili tatu. Mtu anayekunywa vijiko vichache vya uji wa sembe, kisha akavitapika, haingizi kitu; sembe iliyokobolewa ilikuwa na thiamini kidogo tangu mwanzo.

Kinachofuata, ugonjwa wa ubongo wa kukosa thiamini, kinajulikana tangu 1881, Carl Wernicke alipokieleza huko Ujerumani. Mmoja wa wagonjwa wake watatu wa kwanza alikuwa mshonaji nguo, msichana wa miaka 20, aliyekunywa asidi ya salfuriki. Njia ya kutokea tumboni ikaziba, akawa anatapika mfululizo. Hakuwa mlevi. Tumbo lake lilikuwa bovu, basi, na hilo ndilo linalomfanya awe ndugu wa karibu wa mgonjwa wetu wa Makambako. Dalili ni tatu: kuchanganyikiwa, macho kucheza au kuona vitu viwili viwili, na kuyumba wakati wa kutembea. Wengi hawazionyeshi zote kwa pamoja. Tena fikiria mtu anayumba na kuongea visivyoeleweka katika msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi: nani atauliza kama alikatwa tumbo? Watasema amelewa. Akiwa mlokole, watasema amerogwa.

Na hapo ndipo dripu inapofanya madhara. Mgonjwa analetwa amelegea, hajala siku kadhaa, na chupa ya kwanza inayotundikwa ni ile ya sukari ya asilimia 5, kwa nia njema kabisa. Seli haiwezi kuchoma glukosi vizuri bila thiamini. Ukimwaga glukosi kwenye mwili ambao thiamini imekauka, kidogo kilichobaki kinamalizwa haraka, na zile sehemu za katikati ya ubongo zenye njaa kubwa ya nishati ndizo zinazoanza kufa. Anaweza kupona macho akabaki amepoteza uwezo wa kutunza kumbukumbu mpya maisha yake yote. Kinga ni sindano ya thiamini kabla ya glukosi, au pamoja nayo kama sukari imeshuka sana na haisubiri. Dawa hii haina maajabu wala haina bei ya kutisha. Kwa hiyo mwenye mgonjwa, sema maneno haya mlangoni, hata kama unaonekana mjuaji: "Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, anatapika wiki ya tatu, tunaomba vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari."

Jambo la pili ninalolipenda mno, na mhariri ananijua, ni kile ambacho madaktari hukiita dampingi. Tumbo zima lina mlango chini yake unaopitisha chakula kidogo kidogo. Baipasi inaukwepa, slivu inauacha, lakini kijibomba husukuma chakula kwa kasi. Sasa mtu huyo akinywa soda, chai yenye sukari vijiko vinne, au kopo la mtogwa, ule ulanzi mpya mtamu ambao wengi wanaamini "hauna neno, hata mtoto anakunywa", maji mazito ya sukari yanatua kwenye utumbo mwembamba yote kwa mpigo. Utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kuyazimua, kama chumvi inavyotoa maji kwenye kabichi ya kachumbari. Kiasi cha damu kwenye mzunguko kinapungua ghafla, homoni za utumbo zinamwagika, na ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unakimbia, jasho linatoka, tumbo linanguruma, kisha kuharisha na kutaka kulala palepale mtu alipo. Jirani anasema ni presha. Siyo.

Halafu kuna awamu ya pili, na hii ndiyo nzuri zaidi kuielewa. Sukari ile imeingia kwenye damu kwa kishindo. Sehemu ya chini ya utumbo, ambayo kwa kawaida hupokea mabaki tu, inakutana na sukari nyingi na kutoa homoni iitwayo GLP-1 kwa wingi usio wa kawaida. Homoni hiyo inaiamuru kongosho imwage insulini. Insulini inafika na nguvu zake zote wakati sukari iliyoitiwa imeshatawanyika. Kwa hiyo saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari inaporomoka: mikono inatetemeka, akili inazunguka, wengine wanaanguka. Mara nyingi hali hii huanza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, wakati mtu ameshasahau kwamba ni mgonjwa. Na dawa ya mtaani ni ipi? Soda. Soda inamwinua kweli, kisha inaanzisha mzunguko ule ule upya. Aliyeshuka apewe sukari kidogo tu, vijiko vichache vya juisi, na mara tu akizinduka ale yai, maharage au maziwa ili isiporomoke tena.

GLP-1 hiyo hiyo ndiyo inayoigwa na sindano za semaglutaidi zinazovuma sasa, na ni moja ya sababu kisukari cha wengi hutulia siku chache baada ya baipasi, kabla hata hawajapungua. Upasuaji wenyewe ulizaliwa kutokana na madhara. Edward Mason wa Iowa, Marekani, aliona kwamba watu waliokatwa tumbo kwa ajili ya vidonda walikuwa hawanenepi hata wakitaka, na mwaka 1966 akaanza kuitumia baipasi kwa wanene. Dampingi ilikuwepo tangu enzi za vidonda. Hakuna jini jipya hapa.

Turudi kwenye ulanzi, maana ule mkali, mkangafu, una kesi yake. Baada ya baipasi au slivu pombe haikai tumboni. Inafika kwenye damu haraka na kwa kilele cha juu zaidi, hata kwa kikombe ambacho zamani hakikukufanya kitu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba matatizo ya ulevi yaliongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji, si wa kwanza, wakati ufuatiliaji umelegea. Anayerudi Njombe akakaribishwa kijiweni na "karibu, kidogo tu" anapaswa kulijua hilo kabla ya bodaboda kumpeleka nyumbani.

Na kuna jambo wanaloliuliza kwa kunong'ona. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote nchini. Kwa hiyo baadhi ya watakaokatwa tumbo wanatumia ARV, na dawa yenye dolutegravia inashikana na madini. Ukimeza vidonge vya chuma au kalsiamu ulivyoandikiwa baada ya upasuaji pamoja nayo bila chakula, sehemu ya dawa inapita bila kunyonywa. Imeze saa 2 kabla ya madini au saa 6 baada yake, au vyote pamoja na chakula. Waambie kliniki yako ya ARV, yaani CTC, kwamba ulikatwa tumbo, wapime wingi wa virusi mapema kuliko kawaida. Usiwafiche kwa aibu.

Wauza "kusafisha utumbo" nao nitawamaliza kwa haraka, kwa sababu wananichosha. Wana kipaza sauti stendi, wana mchanganyiko mmoja unaotibu vidonda, nguvu za kiume na matatizo ya waliokatwa tumbo. Nchi hii ilipanga foleni kijijini Samunge mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, kwa hiyo sishangai wanapata wateja. Lakini mtu anayekula vijiko vitano kwa mlo hana uchafu wa kusafishwa. Shubiri na majani ya kuharisha vinamtoa maji na potasiamu aliyobaki nayo, na zamu hii anafika hospitali akiwa na moyo unaoruka mapigo.

Nywele kukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita kunatokana na mwili kushtuka kwa kupungua haraka. Nyingi hurudi ukila protini. Waliofanyiwa baipasi wasiguse diklofenaki wala ibuprofeni bila daktari wao, zinatoboa pale palipounganishwa, parasetamo inatosha. Protini kwanza, wanga mwisho, na maji yanywewe nusu saa mbali na mlo. Vitamini B12, chuma na kalsiamu ni vya maisha, hata ukijisikia mzima, kwa sababu upungufu wa B12 huchukua miaka kujitokeza na huanza na ganzi miguuni. Mimba isubiri angalau mwaka hadi mwaka na nusu, na vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi vizuri baada ya baipasi.

Visivyosubiri asubuhi ni hivi: mapigo ya moyo zaidi ya 120 ukiwa umelala, homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto katika wiki za kwanza. Mshono wa slivu huvuja kwa mtu mmoja au wawili katika kila 100, na wakati mwingine huvuja wiki ya tatu, ukiwa umesharudi kwako. Mguu mmoja uliovimba au pumzi iliyokata baada ya safari ndefu ya basi ni damu iliyoganda mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kutoka Makambako, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya iko karibu zaidi kuliko Dar. Usiondoke na basi la alfajiri kumfuata aliyekukata wakati unavuja. Nenda kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Njombe au Hospitali ya Ilembula, mpigie simu daktari wako wa upasuaji ukiwa hapo hapo, na mkabidhi simu tabibu wa zamu.