Mikrobe wa shamba na mbolea ya dukani: mahindi yanataka vyote viwili



Msimu A unakaribia, na katika mikutano ya AVEC swali ni lile lile. Wengi wamesikia kwamba kuna unga wa pakiti wenye mikrobe hai, ambao mama akiupaka kwenye mbegu hatanunua tena mfuko wa mbolea. Wanatuuliza kama ni kweli. Tunajibu hivi: mikrobe hao wapo, kazi wanaifanya, lakini hawashiki nafasi ya mbolea. Wanafanya kazi pamoja nayo. Anayewauza kwa maneno mengine anawauzia uongo.

Swali hili si dogo kwetu. Vita vilipofika Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, watu walitoka na mtoto mgongoni na godoro kichwani, wakaacha mbuzi, kuku na mahindi ya kukausha. Mama aliyerudi bila mbuzi amerudi bila samadi. Pesa kidogo iliyo mkononi inaitwa na watu watatu kwa siku moja: mwenye shamba anataka kodi ya msimu, shule inataka yake, na muuza mbolea naye anangoja. Ikienda kwenye pakiti isiyofanya kitu, watoto watalala njaa mwezi wa kwanza.

Tuanze na jina lenyewe, maana linatisha. Kwetu mikrobe ni kuhara, ni kidonda kilichooza. Wakati wa Ebola, kuanzia mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, tulinawa mikono mlangoni mwa kanisa, sokoni na shuleni, na vizuri tulifanya. Lakini udongo una mikrobe wengi kuliko majani ya msitu, na wengi wao hawana ubaya na mtu. Wengine wanaozesha majani yakawa mbolea. Wengine, ndio tunaowasema leo, wanasaidia mizizi kula.

Chakula kinachokosekana zaidi katika shamba la mahindi ni azoti. Wa upande wa Kenya na Tanzania wanaiita naitrojeni. Ndiyo inayofanya jani liwe kijani kizito. Ikikosa, jani la chini linaanza kuwa manjano kutoka ncha kwenda katikati, na gunzi linakuwa dogo. Tufanye hesabu ya jikoni. Gunia la kilo 100 za punje za mahindi linaondoka shambani na karibu kilo moja na nusu ya azoti. Urea ni azoti 46 kwa mia. Basi kila gunia unalouza au kusaga fufu limebeba azoti sawa na iliyo katika kilo tatu na zaidi za urea. Mama avunaye magunia sita kila msimu bila kurudisha kitu, shamba linamlipia deni miaka michache, kisha linachoka. Huku kwetu, juu ya mteremko wa Kabasha, mvua nayo inateremsha udongo mzuri bondeni bila kuuliza.

Ajabu ni kwamba azoti imejaa juu ya vichwa vyetu. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni azoti. Mahindi hayawezi kuila hivyo. Maharagi, soya, njugu na mbaazi yanaweza, kwa sababu yana wageni katika mizizi: bakteria wanaoitwa rizobia. Mmea unawapa sukari, wao wanaugeuzia azoti ya hewa iwe chakula. Nyumba zao mmeziona tangu utoto, vile vinundu vidogo kwenye mzizi wa haragi. Si ugonjwa. Wakati maharagi yanatoa maua, chimba shina moja polepole kwa jembe, usilivute, osha mzizi, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, rizobia wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, wanakula sukari ya bure.

Hapo ndipo pakiti inapofaa kweli. Soya inataka rizobia wake, na katika shamba ambalo halijawahi kupandwa soya mara nyingi hawapo. Ukiwaleta, tofauti inaonekana. Kwa maharagi ni jambo lingine. Bibi zetu waliyapanda katika vilima hivi, udongo una rizobia wa kwao tayari, na wale wa dukani mara nyingi hawaongezi sana. Kuanzia 2009 mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, ulifanya kazi hii katika nchi kadhaa za Afrika, na kwa Kongo ulikuwa Kivu ya Kusini, kwa jirani zetu. Somo lake linatufaa: rizobia bila fosfori wanalegea. Soya iliyopata bakteria na mbolea ya fosfori kwa pamoja ndiyo iliyojaza gunia vizuri.

Na mahindi yenyewe? Hayatengenezi vinundu, kwa hiyo rizobia hawayalishi moja kwa moja. Kwa mahindi kuna bakteria mwingine, azospirila, na habari zake nzuri zinatoka mbali, Brazil. Huko mwanamke mmoja, Johanna Döbereiner, aliyezaliwa 1924 na kufariki 2000, alitumia maisha yake kuchunguza bakteria wa mizizi wakati wengi walifikiri mfuko wa mbolea unatosha. Mwanamke mwingine, Mariangela Hungria wa taasisi ya Embrapa, aliendeleza kazi hiyo, na 2025 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Azospirila hukaa kwenye mzizi na kuufanya uote nywele nyingi zaidi. Mzizi wenye nywele nyingi unafika mbali na kushika mbolea kabla mvua haijaiteremsha. Wataalamu wa Embrapa wameona kwamba mkulima wa mahindi anayetumia azospirila anaweza kupunguza robo ya azoti anayoongeza mahindi yakiwa yamekwisha kuota.

Robo, wamama. Hawakusema nusu, wala hawakusema yote. Tena ni robo kwa mtu ambaye tayari anaweka mbolea ya kutosha. Mwenye shamba tupu akiota mizizi mirefu, ni kama kurefusha mkono ndani ya chungu kisicho na kitu.

Kuhusu pakiti za kila namna zinazouzwa, kuna kazi moja inayostahili kujulikana. Kati ya 2009 na 2011 mradi wa COMPRO ulipima katika Kenya, Nigeria na Ethiopia bidhaa zaidi ya 100 za aina hii zilizokuwa sokoni. Chache tu ndizo zilizoonekana kufaa, na katika hizo rizobia wa mikunde walisimama mbele. Ndiyo sababu tunasema kwa mama mwenye pesa kidogo: anza na soya au maharagi katikati ya mahindi, na mbolea kidogo mahali pake, kabla ya kununua chupa yenye jina zuri.

Ukipata pakiti ya rizobia, ishike kama maziwa ya mtoto. Ni viumbe hai. Soma tarehe, na uangalie kama imeandikwa ni ya soya au ya maharagi, maana ya soya haisaidii maharagi. Usiiweke chini ya bati wala kwenye dirisha la jua. Kando ya mtungi wa maji ni pazuri. Kwa soya, kipimo cha kawaida cha unga ni karibu gramu 10 kwa kilo moja ya mbegu. Lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari ili unga ushike, changanya kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu, funika mara moja. Mbegu iliyopakwa dawa ya rangi usiitumie, dawa inaweza kuwaua. Wala usichanganye unga huo na mbolea katika beseni moja. Mbolea inatangulia shimoni, udongo unafuata juu yake, ndipo mbegu.

Mahali pa mbolea pana maana kuliko wingi wake. DAP kidogo wakati wa kupanda inaleta fosfori kwa mahindi na kwa maharagi. Urea muiweke baadaye, mahindi yakifika gotini, karibu na shina la mahindi, na kuifukia. Usiimwage juu ya mstari wa maharagi: haragi lililoshiba urea haliiti tena rizobia, nawe umelipa kwa kitu ambacho hewa ingetoa bure. Majivu ya jikoni yanapunguza ukali wa udongo unaowachosha bakteria hao. Yatawanyeni shambani badala ya kuyatupa nyuma ya nyumba.

Sasa jambo tunaloliona kila mavuno, nalo linatuuma. Tunang'oa maharagi pamoja na mizizi, tunayabeba nyumbani, tunayapura uani, kisha maganda tunayachoma. Azoti yote ambayo rizobia walitafuta imepanda mlima kichwani mwetu na kuishia kwenye moto! Gunia la maharagi lenyewe linabeba azoti mara mbili na zaidi ya lile la mahindi, kwa hiyo kama majani na maganda hayarudi, shamba halikupata faida yoyote ya kuwa na maharagi. Kateni shina kwa kisu, mizizi ibaki ardhini. Maganda yarudi shambani siku mnayokwenda kulima. Mzigo ni mwepesi, na watoto wanaweza kuubeba.

Kwa vikundi vyenye shamba la pamoja, tunaomba msimu huu mjaribu kabla ya kutoa pesa ya AVEC kwa pakiti nyingi. Gaweni sehemu nne zinazolingana, zote kwenye mteremko mmoja. Ya kwanza isipate kitu, ya pili ipate mbolea peke yake, ya tatu pakiti peke yake, ya nne vyote viwili. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda na ya kupalilia iwe moja. Vuneni kila sehemu mbali na nyingine, kausheni, pimeni kwa mizani moja, muandike kwenye daftari la kikundi. Walio karibu na Butembo wanaweza kupeleka daftari hilo kwa walimu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Graben na kuomba walisome nao. Nasi tutapenda kuona hesabu zenu, na mizizi ya maharagi mliyochimba siku ya maua, hata ikiwa imefungwa ndani ya jani la mgomba.