Ziwa Victoria liliwahi kukauka, tope limetunza ushahidi

Ukitoka Izimbya ukafika Bukoba mjini na kulitazama Ziwa Victoria, utadhani lilikuwepo siku zote. Hapana. Miaka kama 17,000 iliyopita lilikauka.

Tumejuaje? Kwa tope.

Kila mwaka vumbi, majani na chavua za mimea huzama ziwani na kulala chini, tabaka juu ya tabaka. Watafiti wakiwa kwenye boti hushusha bomba refu, hulizamisha kwenye tope, kisha hulivuta likiwa limejaa. Tope la juu ni la karibuni, la chini ni la zamani. Umri wake hupimwa kwa kaboni iliyomo kwenye mabaki ya mimea.

Mwaka 1996, timu ya Mmarekani Thomas Johnson ilieleza ilichokuta kwenye kina kirefu: chini ya tope laini kuna udongo mgumu wenye vizizi na chavua za nyasi. Yaani hapo paliwahi kuota nyasi!

Sababu ni mvua kupungua. Takriban asilimia 80 ya maji ya ziwa hili hutokana na mvua inayonyesha juu yake. Mito kama Kagera huongezea tu. Mvua ikizidi nayo ni shida: mwaka 2020 maji yalipanda na kufurika mwambaoni.

Vipimo vya kina cha ziwa vilianza miaka ya 1890 tu. Kwa mkulima anayetegemea mvua kwenye kibanja chake cha migomba, tope linaonyesha kitu ambacho vipimo hivyo havijawahi kuona: mvua inaweza kubadilika kuliko tulivyozoea.