Somo la Afya: Sukari Inapokwama Katika Damu

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa wa kisukari. Lakini kwanza, aliye na kipande cha ugali au mkate akitafune polepole bila kumeza.

Baada ya kitambo mtasikia utamu ulimini. Hakuna aliyetia sukari humo. Ni mate yaliyoanza kugeuza wanga kuwa sukari, na kazi hiyo humalizika katika utumbo. Kwa hiyo hata mtu asiyeonja chai ya sukari mwaka mzima, sukari imo katika damu yake, nayo ndiyo kuni za mwili. Damu yote ya mtu mzima ni yapata lita 5. Akiwa na afya, asubuhi kabla ya kula, sukari iliyomo ni kama kijiko kimoja cha chai tu.

Nani hukipima kijiko hicho? Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa kitu kiitwacho insulini. Sukari ikifika kwenye misuli hubisha hodi, lakini insulini ndiyo ifunguayo komeo. Isipofungua, misuli hukaa na njaa, na sukari hujaa katika damu hata figo zikashindwa kuizuia. Basi hutoka katika mkojo, ikivuta maji. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa kila mara, kiu haimwishi, na hukonda ingawa anakula. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliutambua ugonjwa huu kwa kuona sisimizi wakiufuata mkojo.

Sasa, kwa nini komeo lisifunguke? Kuna wagonjwa, wengi wao watoto na vijana, ambao askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, huzigeukia chembe zinazotengeneza insulini na kuziua. Mtoto huyu hakurogwa, wala si kosa la peremende, na majani ya kuchemsha hayafufui chembe zilizokufa. Asipopigwa sindano za insulini atakufa, pengine katika majuma machache. Zamani walikufa karibu wote. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano hiyo kabla ya mgonjwa mwingine yeyote, akaishi miaka 13 zaidi.

Wagonjwa walio wengi ni wa namna nyingine. Insulini wanayo, ila komeo limeshika kutu. Hapo lawama ni ya asili ya ukoo, unene, hasa mafuta ya tumboni, na kukaa bila kazi ya mwili. Watu husifu kitambi kuwa dalili ya mshahara mzuri. Mimi ningependa mshahara uonekane kwingine. Ugonjwa huu huja kimya kimya, miaka hata miaka, mpaka macho yafifie au kidonda cha mguu kikatae kupona.

Kuutambua si kazi kubwa. Mwambieni mganga wa zahanati apime sukari ya damu: tone moja la kidole, na jibu hutoka papo hapo. Mtoto mwenye kiu, mkojo mwingi na kukonda, apelekwe siku hiyo hiyo.