Waswidi, Waoromo na Isiolo: Safari ya Lugha kutoka Massawa hadi Bonde la Waso

Utangulizi

Mwaka 1979 vilichapishwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, vitabu viwili vilivyohusu Isiolo. Cha kwanza, Suffering Grass, kiliandikwa na mwanaanthropolojia Gudrun Dahl, nacho kilichunguza maisha ya Waborana wa Waso, yaani Waborana waishio katika bonde la mto Ewaso Ng'iro. Cha pili, Savanna Town, kiliandikwa na Anders Hjort, nacho kilihusu mji wenyewe wa Isiolo na uhusiano wake na mbuga za malisho zinazouzunguka. Uswidi haikupata kuwa na koloni lolote katika Afrika Mashariki. Basi ni vipi wafugaji wa kaskazini ya Mlima Kenya walikuja kuandikwa kwa mapana kiasi hicho katika nchi ya mbali yenye theluji?

Dahl na Hjort walikuja kwa sababu za kitaaluma za wakati wao. Hata hivyo, Waswidi na wasemaji wa lugha ya Waborana walikuwa wamekwisha kukutana zaidi ya karne moja kabla yao. Kiborana ni lahaja ya Kioromo, na Waoromo ndio watu ambao wamishenari wa kwanza wa Uswidi katika pembe hii ya Afrika waliwatafuta tangu mwaka 1865. Makala haya yanaeleza mkutano huo na matunda yake. Hoja yake kuu ni kwamba tunda kubwa kuliko yote, yaani maandishi ya Kioromo, lilikuwa kazi ya Waoromo wenyewe waliokombolewa utumwani, na kwamba historia ya Kiswahili imefungamana na kisa hicho kuliko inavyodhaniwa.

Uswidi na desturi ya kusoma

Ili kuelewa kwa nini Waswidi walitilia mkazo vitabu, yafaa kuitazama historia yao kwa ufupi. Mwaka 1523 Gustav Vasa alichaguliwa kuwa mfalme baada ya kuitoa Uswidi katika muungano uliokuwa ukiongozwa na Denmark. Katika utawala wake nchi iliachana na mamlaka ya Papa na kufuata mafundisho ya Luther, na mwaka 1541 ikachapishwa Biblia nzima kwa Kiswidi. Biblia hiyo ilisaidia sana kusanifisha lugha ya maandishi. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 nayo ilisisitiza kwamba kila mtu, awe bwana au mtumishi, ajifunze kusoma ili aelewe mafundisho ya dini. Mwaka 1842 ikapitishwa sheria ya kuanzisha shule katika kila parokia.

Lakini watu waliofunzwa kusoma hawakutosheka kusomewa. Katika karne ya 19 wakulima na mafundi wengi walianza kukutana majumbani kusoma na kusali bila kasisi, jambo lililokatazwa na sheria ya mwaka 1726. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1858. Katika vuguvugu hilo ndipo ilipoundwa, mwaka 1856, jumuiya ya Evangeliska Fosterlands-Stiftelsen (EFS). Ilianza kwa kusambaza vitabu nchini Uswidi, kisha ikageukia nchi za nje. Kwa hiyo wamishenari wake walipofika Afrika walibeba imani iliyokuwa imeota mizizi kwao, kwamba mtu hana budi kulisoma neno kwa lugha ya mama yake.

Krapf na milango miwili

Aliyewaelekeza Waswidi kwa Waoromo anafahamika vyema na wanafunzi wa Kiswahili. Naye ni Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Krapf alifika Ethiopia mwaka 1837, akaishi Shoa kuanzia mwaka 1839, na huko akavutiwa mno na Waoromo. Mwaka 1840 alichapisha muhtasari wa sarufi ya lugha yao. Alipozuiwa kurudi Shoa, alitafuta mlango mwingine wa kuwaingilia Waoromo kutoka kusini, na mlango huo ulikuwa pwani ya Waswahili. Ndiyo sababu alitia nanga Mombasa mwaka 1844.

Krapf hakuwafikia Waoromo kama alivyotarajia. Badala yake alijifunza Kiswahili, akisaidiwa na wenyeji, akiwamo kadhi wa Mombasa. Mwaka 1850 ilichapishwa sarufi yake ya Kiswahili, na mwaka 1882, muda mfupi baada ya kifo chake, ikatoka kamusi yake. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa hati za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya hapo, na tenzi zake zilikwisha kukomaa. Hata hivyo, kamusi hiyo ambayo taaluma ya leksikografia ya Kiswahili huitaja daima ni zao la safari ambayo lengo lake la awali lilikuwa watu wengine.

Waswidi, kwa ushauri wa Krapf, waliujaribu mlango wa kaskazini. Wamishenari watatu wa kwanza, Carlsson, Kjellberg na Lange, walitumwa mwaka 1865 na kufika bandari ya Massawa, katika Eritrea ya leo, mwaka 1866. Njia ya kwenda kwa Waoromo ilikuwa imefungwa na vita na misukosuko ya kisiasa. Wakaanza kazi miongoni mwa Wakunama, ambako homa iliwaua baadhi ya wenzao na wengine wakauawa. Mwaka 1870 walirejea nyuma hadi eneo la Massawa.

Baadaye, mwaka 1896, jumuiya hiyo hiyo iliingia Kismayu, katika Jubaland iliyokuwa chini ya Waingereza hadi ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925. Kazi hiyo ya kusini ilikomeshwa na Waitalia mwaka 1935.

Onesimos Nesib: mfasiri tangu jina

Wamishenari hawakuweza kuwafikia Waoromo, lakini Waoromo waliletwa Massawa kwa minyororo. Bandari hiyo ilikuwa njia ya kusafirishia watumwa kwenda Uarabuni. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyezaliwa karibu na Hurumu, Illubabor, yapata mwaka 1856. Alitekwa angali mdogo na kuuzwa mara kadhaa. Mwaka 1870 alikombolewa na Werner Munzinger, Mswisi aliyekuwa na madaraka Massawa, naye akamkabidhi kwa shule ya Waswidi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hiikaa. Katika Kioromo kitenzi chenye mzizi huo humaanisha kufungua fundo, na pia kufasiri. Alipobatizwa mwaka 1872 aliitwa Onesimos, kwa jina la mtumwa anayetajwa katika Agano Jipya. Mwaka 1876 alipelekwa Johannelund, chuo cha misheni huko Stockholm, akasoma kwa miaka mitano. Mwaka 1881 alirudi na mara moja akajiunga na msafara uliojaribu kufika nchi ya Waoromo kwa kupitia Sudan. Msafara huo ulikwama, na uliporudi Khartoum mwaka 1882 ulikuta uasi wa Mahdi umekwisha kupamba moto.

Kwa kuwa njia ya miguu ilimkataa, Onesimos aligeukia kalamu. Akiwa Imkullu, nje kidogo ya Massawa, alifasiri vitabu vya dini kimoja baada ya kingine. Agano Jipya lilichapishwa mwaka 1893, na Biblia nzima ikapigwa chapa St. Chrischona, Uswisi, mwaka 1899, chini ya usimamizi wake mwenyewe.

Mwaka 1904 hatimaye alirudi katika nchi ya Waoromo, huko Wollega, akafundisha kwa Kioromo. Hilo halikupokewa vyema na wote. Makasisi wa kanisa la Kiorthodoksi walimshtaki kwa Abuna Matewos mwaka 1906, na ingawa Mfalme Menelik alimwachia aishi Nekemte, alimkataza kuhubiri. Alipewa tena ruhusa mwaka 1916, enzi ya Lij Iyasu, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1931.

Aster Ganno na hazina ya fasihi simulizi

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Mwaka 1886 meli ya wanamaji wa Italia iliwaokoa watumwa waliokuwa wakivushwa kupelekwa Uarabuni. Msichana mmoja kati yao, Aster Ganno, alipelekwa katika shule ya Imkullu. Onesimos alikuwa ameondoka kwao mdogo, na miaka mingi ya ugenini ilikuwa imepunguza utajiri wa lugha yake. Aster alikuwa na kumbukumbu pevu na sikio jepesi la lugha. Alikusanya msamiati wa maneno yapatayo 15,000, ambao ulikuwa nguzo ya tafsiri ya Biblia. Aidha, aliandika kutoka kichwani vitendawili, methali, ngano na nyimbo zipatazo 500.

Sehemu ya hazina hiyo iliingizwa katika kitabu cha kusomea, Jalqaba Barsiisaa, kilichochapwa Imkullu mwaka 1894 kwa majina ya Onesimos na Aster. Mtoto wa Kioromo aliyejifunza herufi kwa kitabu hicho hakuanza na hadithi za Stockholm. Alianza na methali za nyumbani kwao. Aster alirudi Wollega pamoja na Onesimos mwaka 1904, akafundisha huko, na aliishi hadi mwaka 1964.

Vitabu hivyo vya awali viliandikwa kwa hati za Kigeez, zitumikazo pia kwa Kiamhari. Mwaka 1991 wasemaji wa Kioromo nchini Ethiopia waliamua rasmi kutumia alfabeti ya Kilatini, iitwayo Qubee. Nchini Kenya Kiborana nacho huandikwa kwa herufi za Kilatini. Mwanafunzi anayeijua historia ya Kiswahili, kilichohama kutoka hati za Kiarabu, ataona ufanano wa njia za lugha hizi mbili.

Waswidi wafika Waso

Turudi sasa Isiolo. Waborana wa Waso wengi ni Waislamu, kwa hiyo si matunda ya misheni ya Massawa. Waswidi waliowafikia katika miaka ya 1970 walikuwa wasomi wa Chuo Kikuu cha Stockholm, na walikuta jamii iliyojeruhiwa. Vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka 1963 na kukoma rasmi mwaka 1967, vilikuwa vimewafungia wafugaji katika vijiji vilivyolindwa na askari. Mifugo ilikufa au kuuawa kwa wingi. Kabla ya majeraha kupona, ukame wa mwanzo wa miaka ya 1970 ukaongeza chumvi katika kidonda.

Jina la kitabu cha Dahl, lenye maana ya nyasi ziumiazo, humkumbusha msomaji wa Kiswahili methali isemayo kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Kabla ya hapo, mwaka 1976, Dahl na Hjort walikuwa wametoa kitabu kiitwacho Having Herds. Humo walikokotoa jinsi kundi la mifugo linavyokua: jike huzaa mara ngapi, ndama wangapi hufa, maziwa hupatikana kiasi gani, na familia huhitaji wanyama wangapi ili iishi. Hesabu hizo huonyesha kwamba baada ya ukame mbuzi hurudi haraka, ng'ombe huchelewa, na ngamia huchelewa zaidi. Mfugaji achanganyaye mifugo ya aina mbalimbali anaweka akiba kwa hekima, wala si mtu asiyejua anachokifanya. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wakati ambapo watawala wengi waliuona ufugaji wa kuhamahama kuwa ni ukaidi tu.

Hjort naye alionyesha kwamba mji wa Isiolo hauwezi kueleweka pasipo mbuga zake. Mwenye duka mjini huwa na mifugo kwa nduguye malishoni, na ndugu wa malishoni hutegemea mji wakati wa njaa. Katika soko la mji huo Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru hupatana bei kwa Kiswahili. Hivyo lugha mbili alizozifuatia Krapf, ile aliyoitafuta na ile aliyoipata, husikika Isiolo katika barabara moja.

Funzo kwa wanafunzi wa Kiswahili

Tofauti kati ya vitabu vya mwaka 1894 na vya mwaka 1979 inastahili kuzingatiwa. Jalqaba Barsiisaa kiliandikwa na Waoromo, kwa Kioromo, kwa ajili ya Waoromo. Vitabu vya Stockholm viliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomi wa dunia nzima. Haya si ya kuwalaumu waandishi wake, ambao waliwatetea wafugaji kwa hoja zilizofanyiwa utafiti. Lakini wazee wa Garba Tulla na Merti, ambao maisha yao ndiyo chanzo cha elimu hiyo, hawakuandikiwa wao.

Pengo hilo ndilo wanafunzi wa Kiswahili wanaloweza kulijaza. Kwanza, kuna kazi ya tafsiri. Kitabu kinachoeleza uchumi wa mfugaji kikisomeka kwa Kiswahili, kitamfikia mtoto wa Isiolo anayesoma shule ya upili, pamoja na jirani yake Mmeru asiyeelewa kwa nini ng'ombe hawauzwi kabla ya ukame. Pili, kuna kazi ya kukusanya fasihi simulizi ya Kiborana na kuiweka sambamba na tafsiri ya Kiswahili, kabla wazee wanaoihifadhi hawajaondoka nayo. Tatu, kuna wajibu wa kutaja majina. Historia ya isimu hupenda kumtukuza mgeni aliyechapisha na kumsahau mwenyeji aliyemfunza. Wengi wanalijua jina la Krapf, ila ni wachache wanaoweza kumtaja kadhi aliyemfunza.

Hitimisho

Waswidi walitoka kwao mwaka 1865 wakidhani kwamba wao ndio watakaowapelekea Waoromo kitabu. Miongo mitatu baadaye kitabu kilikuwa kimeandikwa, na walioshika kalamu walikuwa ni wale waliopitia mnadani kama bidhaa. Misheni ilitoa shule, karatasi na mtambo wa kupigia chapa, nao Onesimos na Aster wakatoa lugha. Aster Ganno alikuwa msichana asiye na jamaa wala mali alipoanza kuandika vitendawili vya kwao, na kazi yake imedumu. Mwanafunzi wa chuo kikuu atokaye Isiolo, Marsabit au Tana River ana daftari, ana elimu ya isimu, na ana nyanya au babu yake nyumbani ambaye bado anakumbuka.