Saratani ya umio: kisu kikiwekwa chini, macho yabaki kwenye mshono

Mwaka 1913, jijini New York, daktari Franz Torek alifanikiwa kuondoa sehemu ya umio inayopita kifuani kwa mwanamke mwenye saratani. Hakuthubutu kuunganisha ncha zilizobaki. Ya juu aliitokeza nje karibu na shingo, akatoboa tundu tumboni, na chakula kikawa kinapita katika mpira uliokuwa nje ya mwili. Mama yule aliishi hivyo zaidi ya miaka kumi.

Leo madaktari huukata mfuko wa chakula ukawa kama bomba, wakaupandisha kifuani au shingoni na kuushona na umio uliobaki. Hofu ya kuvuja kwa mshono haijaisha: hata kwenye hospitali kubwa duniani, mshono wa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi huvuja, na kwingine ni zaidi.

Umio hauna ule utando mgumu wa nje unaoufunika utumbo. Tena mshono huangukia kwenye ncha ya bomba iliyo mbali kabisa na mshipa unaolipelekea damu, na penye damu haba kidonda hakiungi upesi. Mgonjwa hata asipokula, mate yenye vijidudu hayaachi kushuka. Yakivuja shingoni, mara nyingi huishia kwenye jeraha linalosafishika. Yakivuja kifuani, huleta usaha kuzunguka moyo na mapafu, na hapo maisha yamo hatarini.

Ndiyo maana wauguzi wazoefu hawangoji homa. Moyo kwenda mbio au kupiga ovyo, pumzi kubana, mgonjwa kuchanganyikiwa: yote hayo yanaweza kutangulia. Majimaji yanayotoka kwenye mpira uliowekwa kifuani yakibadilika rangi au kunuka, daktari aitwe. Protini ya CRP katika damu, ikiendelea kupanda baada ya siku ya tatu badala ya kushuka, huongeza shaka. Hapo hufanywa CT-Scan huku mgonjwa akimeza dawa inayoonekana kwenye picha, au endoskopi ili mshono uangaliwe kwa macho. Picha moja safi haifuti shaka iwapo hali inazidi kuwa mbaya.

Tiba hufuata ukubwa wa tundu. Likiwa dogo, mgonjwa huzuiwa kula kwa kinywa, hupewa antibiotiki, na chakula hupitia mrija ulioingizwa kwenye utumbo mwembamba. Usaha ukijikusanya, hutolewa kwa mpira. Tundu kubwa zaidi huzibwa kwa stenti iliyofunikwa (kijibomba kinachowekwa ndani ya umio), au huwekwa sponji inayonyonya uchafu na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Bomba likioza, hakuna budi kurudi chumba cha upasuaji.

Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, una saratani hii kwa wingi. Huko Bomet, Kenya, Hospitali ya Tenwek imezoea stenti kwa miaka mingi, hasa kuwafungulia njia ya chakula waliochelewa mno kupasuliwa. Wanaowahi upasuaji ni wachache, na kumpoteza mmoja wao kwa mshono uliovuja na kuchelewa kugunduliwa ni hasara inayoepukika.

Baadhi ya mishono huvuja mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Jeraha la shingo likitoa mate, homa ikipanda au kifua kikibana, msimpe uji wala dawa za duka. Mrudisheni alikopasuliwa siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.