Banda la Mbwa: Sakafu Isiyonuka
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliachana tukiwa tumepima kiwanja cha banda: urefu mita 4, upana mita 2, chumba cha kulala upande wa juu na uwanja wa kutembea mbele yake. Leo tunamwaga zege. Nitakaa zaidi kwenye sakafu kuliko kwenye kuta au paa, kwa sababu paa linalovuja huzibwa siku moja, lakini sakafu iliyokosewa hubomolewa kwa nyundo.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mbwa, aliyezoea udongo, amwagiwe zege. Jibu liko kwenye vimelea. Minyoo ya jamii ya safura inayowapata mbwa hutoa mayai yanayotoka na kinyesi, na viluwiluwi vyake hukua kwenye udongo wenye joto na unyevu, kama ule wa Tanga au Kigamboni wakati wa masika. Humwingia mbwa kupitia kinywa na hata ngozi ya nyayo. Mtoto akipita hapo peku, humwingia naye, na utaona mstari mwekundu unaowasha ukitambaa chini ya ngozi yake. Banda la udongo halisafishiki. Zege linasafishika, ila kwa masharti mawili: maji yasituame, na pasiwe na nyufa.

Tuanze chini. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, panga mawe, jaza kifusi, ushindilie mpaka upate tabaka imara la sentimita 10 hadi 15. Mteremko uanzie hapa hapa. Mafundi wengi husawazisha kifusi kiwe bapa, kisha wanatafuta mteremko kwa kuongeza zege upande mmoja na kulipunguza upande mwingine, na huko lilikopungua ndiko linakopasuka. Juu ya kifusi weka mchanga kidogo, kisha nailoni nzito, ili unyevu wa ardhini usipande.

Kipimo cha mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita. Kwa banda letu, teremsha kwa upande wa upana: tofauti ya sentimita 4 kutoka ukuta wa nyuma hadi mbele. Mfereji ukae nje ya wavu, mbwa asipate kuyanywa maji machafu, nao umwage kwenye shimo lililo mbali na kisima.

Sasa hesabu. Sakafu ya unene wa sentimita 10 inahitaji zege mita za ujazo 0.8. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, hiyo ni mifuko 5 ya saruji ya kilo 50; nunua 6 uwe na akiba. Mfuko mmoja una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo kila mfuko unataka mchanga ndoo 3 na nusu za lita 20, na kokoto za robo tatu inchi ndoo 7. Mchanga usiwe wa ufukweni, kwani chumvi yake huvuta unyevu na kuacha madoa meupe. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na yapungue zaidi kama mchanga umeloa.

Hapo kwenye maji ndipo penye ugomvi. Kibarua anataka zege la uji kwa sababu linajimwaga lenyewe. Lakini saruji huhitaji maji kiasi tu ili ikutane nayo na kugeuka jiwe. Yanayozidi hukauka baadaye na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Mkojo wa mbwa huingia katika vitundu hivyo, bakteria wanaigeuza urea kuwa amonia, na kila ukimwaga maji harufu inaamka upya. Banda linalonuka hata baada ya kudekiwa mara nyingi limeugua tangu siku ya kukorogwa.

Mwaga asubuhi, kabla jua halijakaza. Buruta rula juu ya zege kwa kuisukuma kulia na kushoto, ukifuata kamba ya mteremko. Kisha subiri. Maji yatapanda juu na sakafu itang'aa, usiiguse. Mng'ao ukitoweka, na unyayo wako ukizama kama nusu sentimita tu, ndipo usugue kwa ubao, halafu upitishe mwiko mpana mara moja. Fundi akitaka kunyunyiza saruji kavu ili iyanyonye maji hayo, mkatalie. Hujitengeneza ganda jembamba juu ambalo baada ya miezi hubanduka.

Mkatalie pia niru, ule mpako laini wa saruji. Ninajua inavyopendeza sebuleni. Lakini nimemwona mbwa mzee mwenye nyonga mbovu akijaribu kuinuka juu ya niru iliyoloa, miguu ya nyuma ikimtawanyika, mpaka tukambeba. Tumia ufagio wa nyuzi laini, uuvute taratibu kuelekea mfereji, ili vijistari vyake viongoze maji. Ukifagia kukingama na mteremko, kila kijistari kitabaki na tone la mkojo. Fagio la chelewa ni gumu mno, hukwangua mitaro inayoumiza nyayo.

Katikati ya urefu kata mstari wenye kina cha sentimita 2 na nusu, ili zege likisinyaa lipasukie hapo. Likishakauka, uzibe mstari huo kwa gundi inayonyumbulika. Kupe wa kahawia akishashiba damu hushuka kwenye mbwa na kutafuta ufa, na humo jike hutaga maelfu ya mayai. Kona za sakafu na ukuta nazo, kuta zikishapanda, zisiache pembe: zizungushe kwa ubavu wa chupa.

Kisha funika kwa magunia yaliyolowa, uyamwagilie asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7 zisizopungua. Saruji yenye pozolana nyingi ipewe siku 14. Zege halikomai kwa kukauka, hukomaa kwa kubaki na unyevu. Mbwa akae mbali kipindi chote hicho, kwani maji ya saruji mbichi huunguza ngozi. Kabla hajaingia, osha sakafu mara kadhaa, na umwekee jukwaa la mbao la kulalia, maana zege tupu huwaotesha mbwa wakubwa sugu kwenye viwiko.

Juma lijalo tutapandisha kuta. Kwa sasa nakuomba jambo moja, ndugu msomaji: usimmalizie fundi malipo yake siku ya kumwaga. Kesho yake asubuhi, yeye akiwepo, mwaga ndoo moja ya maji polepole upande wa juu na mtazame pamoja yanakokwenda.