Nani Anakula Nini: Ugumu wa Kulinganisha Sahani za Nchi Mbalimbali

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ulaya walianza kufuatilia ulaji na afya ya watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10, kuanzia Norway mpaka Ugiriki, ili kujua chakula kinahusika vipi na saratani. Utafiti huo unajulikana kwa kifupi chake, EPIC, na mratibu wake alikuwa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao mjini Lyon, Ufaransa.

Kila nchi ilitunga hojaji yake ya kuuliza wananchi wanakula nini na mara ngapi. Hilo lilikuwa jambo la lazima, kwani huwezi kumuuliza Mgiriki na Mdenmark kuhusu vyakula vile vile. Lakini hapo hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Hojaji ikitaja aina 30 za mboga, watu hukumbuka mboga nyingi. Ikitaja aina 10, hukumbuka chache. Mhispania akionekana anakula mboga kuliko Msweden, tofauti hiyo imetoka kwenye sahani au kwenye karatasi ya maswali?

Watafiti wa Lyon walitafuta jibu kwa kuchagua sampuli ya watu wanaokaribia 37,000 kutoka nchi zote 10 na kuwahoji upya kwa programu moja ya kompyuta iliyoitwa EPIC-SOFT. Kila mhojiwa alieleza alichokula na kunywa siku iliyotangulia. Orodha ya vyakula ilifuata nchi, lakini mpangilio wa maswali, picha za vipimo na namna ya kudadisi vilikuwa vya aina moja. Majibu hayo yakatumika kusahihisha takwimu za hojaji za kila nchi. Miaka kadhaa baadaye programu hiyo ilipewa jina jipya, GloboDiet, kwa lengo la kuifikisha nje ya Ulaya.

Mahojiano haya ya saa 24 yanaonekana mepesi kwa anayeyatazama kwa mbali. Tuyapeleke kwenye nyumba ya kawaida Dodoma. Mama anasema jana mchana alikula ugali na mchicha. Mdadisi aliyefunzwa vizuri hamkatizi. Anamwacha ataje kwanza kila alichokumbuka tangu alipoamka mpaka alipolala. Kisha anarudi nyuma. Ugali ulikuwa wa sembe au dona? Mchicha uliungwa kwa mafuta, kwa karanga au kwa nazi? Mafuta yalikuwa vijiko vingapi, na sufuria ile walikula watu wangapi? Baada ya hapo anauliza vitu ambavyo watu husahau kwa sababu hawavihesabu kuwa chakula: chai ya saa nne, sukari iliyowekwa humo, andazi la njiani, embe aliloletewa na mtoto. Mdadisi akiyaruka maswali hayo ya mwisho, mamia ya kalori hupotea, na nchi nzima inaweza kuonekana ina njaa kuliko ilivyo.

Halafu kuna sinia. Vitabu vingi vya mbinu hizi viliandikwa kwa ajili ya watu ambao kila mmoja ana sahani yake. Watu watano wakila pamoja, mmoja ana mkono mwepesi na mwingine ni mtoto wa miaka minne, kugawa chakula kwa tano ni kujidanganya. Rosalind Gibson wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, na mwenzake Elaine Ferguson walilishughulikia suala hili walipofanya kazi vijijini Malawi. Waliwapa akina mama sahani na mabakuli kabla ya siku ya kupimwa, pamoja na karatasi ya picha za vyakula ya kuwekea alama wanapokula. Mama hakutakiwa kusoma wala kuandika. Utaratibu ulibaki wa kisayansi, ila vyombo na picha vilifuata maisha ya wahusika. Huo ndio usanifishaji unaofaa: kusawazisha namna ya kuuliza na ya kuhesabu, bila kumlazimisha mtu aeleze mlo wake kwa vipimo vya jiko la mwingine.

Kazi haiishii kwenye mahojiano. Gramu zikishapatikana hupelekwa kwenye jedwali la virutubisho, na majedwali nayo hayakubaliani. Tanzania ilitoa lake mwaka 2008 na Kenya ikatoa jipya mwaka 2018. Chukua vitamini A. Kwa hesabu ya zamani, mikrogramu 6 za beta-karotini, ile inayopatikana kwenye mboga za majani, zilihesabiwa kuwa sawa na mikrogramu 1 ya vitamini A. Mwaka 2001, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipandisha kiwango hicho hadi mikrogramu 12. Tuseme fungu la mchicha lina mikrogramu 3,000 za beta-karotini: jedwali moja litasema lina vitamini A mikrogramu 500, jingine 250. Watu wa nchi mbili wanaweza kula mboga ile ile, kwa kiasi kile kile, lakini ripoti moja ikaonyesha upungufu na nyingine ikaonyesha utoshelevu.

Kumbukumbu ya binadamu nayo ina mipaka. Nchini Marekani, utafiti wa OPEN uliwapima watu 484 kwa kuwanywesha maji yenye atomu zilizowekewa alama, njia inayoonyesha nishati ambayo mwili umetumia kwa kweli. Katika mahojiano ya saa 24, wanaume walikuwa wametaja pungufu kwa asilimia 12 hadi 14, wanawake kwa asilimia 16 hadi 20. Kwenye hojaji ya mara ngapi unakula nini, pengo lilizidi asilimia 30 kwa wote.

Kwa chumvi, ambayo hakuna anayejua amekula gramu ngapi, watafiti waliacha kuuliza kabisa. Utafiti wa Intersalt, uliochapishwa mwaka 1988, ulikusanya mkojo wa saa 24 kutoka kwa watu 10,079 katika vituo 52 vya nchi 32, wakiwemo Waluo wa vijijini Kenya, na sampuli zote zikapimwa katika maabara moja, Leuven, Ubelgiji. Maabara moja iliondoa mabishano mengi.

Gharama za kazi kama hiyo ni kubwa, hivyo nchi nyingi sasa hutumia kipimo chepesi zaidi. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 huulizwa kama jana alikula kutoka kwenye makundi 10 ya vyakula. Akifikisha matano au zaidi, amefikia kiwango cha chini cha mlo mchanganyiko. Kipimo hiki hakisemi amekula gramu ngapi, na asiyeelewa hilo atakitumia vibaya. Lakini kinaweza kuulizwa kwa namna moja Kigoma, Bujumbura na Lubumbashi.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na habari kwamba Wakenya wanakula sukari kuliko Waganda, au kwamba lishe ya nchi fulani imepanda ghafla, tafuta kwanza kama pande zote zilipimwa kwa mbinu moja na jedwali moja. Wahariri na maofisa wa lishe wanaotoa takwimu hizo wanapaswa kukuandikia hilo kabla hujauliza.